Uwanja Tele, Wachezaji Haba: Nani Anayeiba Jioni za Vijana wa Kitui na Makueni?

Ikiwa unaishi Nairobi, Mombasa au Nakuru na una watoto, bila shaka umewahi kulalamika kwamba hawana mahali pa kuchezea. Ploti zimejaa nyumba, vichochoro vimejaa magari, na pale palipokuwa kiwanja cha mtaa pamezungushwa ua wa mabati. Wengi wetu tunakumbuka Januari 2015, wakati wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road jijini Nairobi walipoandamana kutetea uwanja wao uliokuwa umenyakuliwa, wakarushiwa gesi ya kutoa machozi na polisi. Watoto wadogo walilia kwa sababu walitaka mahali pa kupigia mpira.

Desemba inapofika, wewe uliye na nyumbani Ukambani hujiambia kwamba watoto sasa watapumua. Unawapandisha basi, mnapita Machakos, mnateremka Wote, Kitui mjini, Mwingi au Mutomo. Nafasi huko haina mfano. Kaunti ya Kitui pekee ina ukubwa wa zaidi ya kilomita mraba 30,000, na Makueni ina karibu 8,000. Kila shule ya msingi ina uwanja wake na milingoti yake, hata kama ni ya miti iliyokatwa porini.

Lakini je, umewahi kujiuliza ni kwa nini viwanja hivyo, siku nyingi za wiki, vinalishia mbuzi badala ya kuchezewa? Mbona katika eneo lenye vijana wengi namna hii, wanaocheza baada ya kuacha shule ni wachache, na wasichana miongoni mwao wahesabika kwa vidole? Jibu la haraka ambalo wengi hulitoa ni kwamba vijana wa siku hizi ni wavivu. Jibu hilo si la kweli. Hebu tulitazame jambo hili kwa makini.

SAA INAYOLIWA NA MTUNGI

Mchezo, kabla ya kuhitaji mpira, huhitaji saa. Nayo saa ya jioni katika sehemu kavu za Kitui na Makueni ina mwenyewe: maji.

Mito mingi ya huko, kama vile Tiva na Thua, hujaa maji siku chache baada ya mvua, kisha hugeuka kuwa barabara za mchanga. Kiangazi kinapokaza, watu hufukua mashimo katika mchanga huo na kuchota maji kidogo kidogo kwa kata, jerikeni baada ya jerikeni, huku wengine wakingoja zamu. Anayetumwa mara nyingi ni msichana au mama yake. Mvulana huenda akatumwa na punda, au akaachiwa mbuzi wa kuchunga. Hata hivyo, mvulana akichunga huweza kupiga mpira wa matambara mifugo ikila. Msichana aliye katika foleni ya maji hawezi kuiacha foleni. Kisha akifika nyumbani kuna kuni, kuna jiko, kuna kitinda mimba wa kubebwa. Jua la huku kwetu huzama karibu na saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. Acheze saa ngapi?

Ndiyo sababu mtu akitaka kuongeza idadi ya wasichana wanaocheza netiboli au voliboli kijijini, huenda asianze na mpira. Huenda akaanza na ukuta mtoni. Mabwawa ya mchanga, ambayo Ukambani inasifika kwayo, hujengwa kwa kukinga mto wa msimu kwa ukuta wa mawe na saruji. Mafuriko huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hujificha ndani ya mchanga huo ambako jua haliyafikii. Tangu miaka ya 1990 mamia ya kuta kama hizo yamejengwa Kitui, mengi yakiwa na mkono wa shirika la SASOL pamoja na wanakijiji wenyewe. Penye ukuta, safari ya maji ya saa nyingi huweza kuwa safari ya dakika. Saa inayobaki haiwi ya mchezo yote, kwani kuna masomo na kuna shamba. Lakini bila saa hiyo, hata ukigawa jezi kwa malori hutapata timu.

WAZEE WETU WALICHEZA VIPI?

Huenda ukauliza: je, zamani maji hayakuwa mbali? Yalikuwa mbali, tena zaidi. Lakini mchezo wa zamani haukuhitaji saa yake pekee. Ulichanganywa na kazi, na dua na msimu.

Ukambani kuna mwethya, yaani kundi la majirani wanaosaidiana kazi kwa zamu. Leo wanalima kwako, kesho wanachimba matuta kwa jirani, na kazi hiyo huendeshwa kwa nyimbo. Kuna pia kilumi, ngoma ya akina mama watu wazima, inayochezwa kwa dua na kuomba mvua. Na kuna zile ngoma za vijana zilizowapa Wakamba sifa kote nchini, ambapo mchezaji huruka hewani, akapinduka na kutua kwa miguu huku ngoma na filimbi zikilia. Anayeweza kufanya hivyo ni mwanaspoti kamili, ingawa hakuna aliyemwita hivyo.

Angalia tofauti iliyopo. Katika ngoma, kijiji kizima kilikuwa na nafasi yake: susu, kama bibi aitwavyo Ukambani, alikuwa na ngoma yake, vijana walikuwa na yao, na wasichana hawakuwa watazamaji. Michezo ya kisasa iliyoletwa na shule za misheni na serikali ya kikoloni ilikuja na kipenga, mistari ya chokaa na idadi ya wachezaji. Kumi na mmoja wakicheza, mia mbili hutazama. Na mtu akimaliza shule, mchezo nao humalizika, kwa sababu mchezo huo ulikuwa mali ya shule.

Ngoma nazo zilipata soko jipya. Serikali ilipoanzisha Bomas of Kenya jijini Nairobi mwaka 1971, mruko wa Kikamba ukawa onyesho la kulipiwa tiketi na watalii. Hilo lilisaidia kuuhifadhi, na liliwapa wachezaji mshahara. Lakini pia lilitufunza kwamba ngoma ni kitu cha kukaa na kutazama. Nawe msomaji, mara ya mwisho uliyoipeleka familia yako kuona ngoma za kwenu, je, mlicheza au mlipiga makofi tu?

MFANO WA BENSON MASYA

Hapa yafaa tumkumbuke kijana mmoja wa Kitui. Benson Masya alizaliwa huko mwaka 1970. Alianza kama bondia kabla ya kugeukia mbio katika miaka ya 1980. Septemba 1992 aliingia katika mashindano ya kwanza kabisa ya dunia ya nusu marathoni, yaliyofanyika kaskazini mwa Uingereza, kati ya Newcastle na South Shields, akayashinda kwa muda wa saa moja na sekunde 24. Mbio maarufu ziitwazo Great North Run alizishinda mara nne: 1991, 1992, 1994 na 1996. Marathoni ya Honolulu, kule Hawaii, aliishinda mara tatu. Alifariki mwaka 2003 akiwa na umri wa miaka 33.

Wengi wetu tukisikia habari kama hiyo hujivunia medali, basi. Lakini kuna jambo jingine la kulitafakari. Great North Run si mbio za mabingwa peke yao. Nyuma ya Masya walikuwa wakikimbia maelfu kwa maelfu ya watu wa kawaida: walimu, makarani, wauguzi, akina bibi, watu waliovaa mavazi ya kuchekesha. Walilipa ada ili wakimbie, na wengi wao walikuwa wakichangisha pesa za hospitali na mashirika ya hisani. Mtu wa kwanza alikimbilia riziki. Maelfu waliomfuata walikimbilia afya na furaha.

Kule kwao Masya, mtu mzima akionekana anakimbia barabarani jioni, watu humuuliza kuna nini. Kukimbia ni kwa mwanafunzi, kwa askari, au kwa anayetafuta tiketi ya kwenda ng'ambo. Hili si kosa la mtu yeyote. Mtu aliyetembea kilomita kumi kwenda sokoni na kurudi, aliyelima tangu alfajiri, haoni sababu ya kukimbia tena bure. Burudani ya kutumia nguvu huzaliwa pale ambapo kazi imepungua kutumia nguvu. Basi, tunapotaka watu wa mashambani wacheze, tusiwape mahubiri ya kupunguza mafuta mwilini. Hayo ni mahitaji yetu sisi tunaokaa ofisini na katika matatu. Wao wanahitaji kukutana, kucheka na kupumzika kutokana na kazi.

Hata hivyo, hali inabadilika hata huko. Bodaboda imemfikia kila mtu. Kijana anayeketi juu ya pikipiki kutoka asubuhi hadi usiku, au anayeuza dukani Wote, hatumii tena miguu kama babake. Shinikizo la damu na kisukari si magonjwa ya mjini pekee siku hizi. Hivyo swali la mchezo wa watu wazima litakuwa la lazima mashambani, kama lilivyo mjini.

NANI HULIPA?

Sasa tuje kwenye pesa. Mpira mmoja wa ngozi, jozi ishirini za jezi, njumu, wavu, nauli ya kwenda mechi ya ugenini, posho ya mwamuzi, maji ya kunywa na dawa ya majeraha. Jumlisha, kisha uligawe deni hilo kwa vijana ambao kipato chao ni cha ndengu zikikubali, maembe msimu ukifika, na vibarua vya hapa na pale. Utaona kwa nini timu nyingi za vijijini huishi msimu mmoja.

Umbali huongeza gharama hiyo. Kulingana na hesabu ya watu ya 2019, Kitui ilikuwa na watu 1,136,187 na Makueni 987,653. Idadi zinakaribiana, lakini kwa kuwa Kitui ni kubwa mara karibu nne, huko kuna watu wapatao 37 tu kwa kila kilomita mraba, hali Makueni kuna zaidi ya 120. Timu ya Tseikuru ikialikwa Ikutha inasafiri kana kwamba inakwenda nchi nyingine. Kwa timu kama hizo, lami ni kifaa cha michezo. Barabara ya Kibwezi, Mutomo hadi Kitui ilipotiwa lami miaka ya karibuni, si mikungu na magunia tu yaliyorahisishiwa safari; timu nayo yaweza kwenda, ikacheza na kurudi siku hiyo hiyo.

Zamani kulikuwa na mlipaji mwingine: mwajiri. Majeshi, polisi, magereza, reli, na Shirika la Posta na Simu yaliwaajiri vijana wenye vipaji, yakawapa mshahara na muda wa mazoezi. Kijana wa kijijini aliyejua kukimbia au kupiga ngumi aliiona njia yake wazi. Posta na Simu ilipogawanywa mwaka 1999, na mashirika mengine ya umma yalipopunguza wafanyakazi, njia hiyo ikawa nyembamba. Waliobaki na nguvu ya kuajiri wanaspoti ni vikosi vya usalama hasa.

Nafasi hiyo imejazwa na nani? Kwa sehemu, na wanasiasa. Kombe la mheshimiwa huja na jezi mpya na fahali wa kuchinjwa, na huchezwa kwa shangwe. Lakini chunguza kalenda yake. Mara nyingi huchipuka uchaguzi ukikaribia na kunyauka baada ya kura. Kijana wa miaka 13 hawezi kukuza kipawa kwa mashindano yanayokuja kila baada ya miaka mitano.

BIASHARA YA KUTAZAMA

Mlipaji wa pili ni biashara, na hapa ndipo mzazi anapopaswa kufungua macho. Katika kila soko kubwa la Kitui na Makueni kuna ukumbi wa video. Jumamosi na Jumapili vijana hulipa kiingilio kidogo na kubanana kwenye mabenchi kutazama ligi ya Uingereza. Si vibaya. Ni burudani, ni mahali pa kukutana, na kwa mwenye ukumbi ni riziki halali. Lakini saa za mechi hizo ndizo zile zile ambazo uwanja wa shule jirani ungetumika. Timu ya kijiji imeshindana na Arsenal, nayo imeshindwa.

Kisha kamari ikaja kwa simu. M-Pesa ilianza mwaka 2007. Kuanzia 2014 kampuni ya SportPesa na nyingine zilizofuata ziliunganisha simu, pesa na matokeo ya mpira. Mtu wa Kyuso anaweza kuweka shilingi zake kwa mechi ya Ujerumani bila kuondoka chini ya mwembe. Kampuni hizo zilileta pesa nyingi katika michezo: SportPesa ilidhamini Ligi Kuu ya Kenya kuanzia 2015. Lakini mwaka 2019, ilipokosa kuhuishiwa leseni na serikali, udhamini ulikoma, na klabu kubwa kama Gor Mahia na AFC Leopards zikabaki zikihangaika. Ikiwa klabu zenye mashabiki kote nchini zaweza kutikisika hivyo, timu ya kijiji itaegemea nani?

Ubaya mkubwa wa kamari, kwa maoni yangu, ni kwamba humfanya kijana aamini kuwa yumo michezoni. Anawajua wachezaji wote, anajua nani ameumia goti, anapanga na kupangua, ilhali hajatoa jasho mwaka mzima. Na pesa iliyokwenda ni ile ile iliyokuwa mchango wa kununua mpira. Mzazi, kumbuka sheria hairuhusu mtu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari. Lakini simu ya baba ikiwa mikononi mwa mtoto, sheria haioni.

KATIBA INASEMAJE?

Wengi hawajui kwamba Katiba ya 2010, katika Jedwali lake la Nne, iliipa serikali ya kaunti jukumu la michezo, utamaduni, na bustani za mapumziko. Ajabu ni kwamba kipengele hicho hicho kinataja pia kamari, leseni za pombe na maonyesho ya video. Kwa maneno mengine, anayeweza kukuwekea uwanja ndiye pia anayehusika na leseni ya kilabu cha pombe kilicho kando ya uwanja. Leseni huleta ushuru; uwanja huleta gharama. Mwananchi asipouliza, unafikiri upande upi utashughulikiwa kwanza?

Kuna yaliyofanyika. Wote una bustani ya umma ambako familia huweza kuketi kivulini bila kununua chochote, jambo ambalo hata mitaa mingi ya Nairobi haina. Kitui, uwanja wa Ithookwe ulitengenezwa na kuandaa sherehe za kitaifa za Mashujaa Oktoba 2025. Swali la kuuliza sasa ni dogo lakini lina uzito: siku ambayo hakuna rais wala gwaride, lango la uwanja liko wazi kwa nani, na kwa ada gani? Uwanja mkubwa unaofungwa kwa kufuli haumshindi uwanja mdogo wa shule ulio wazi.

Nayo burudani si mpira tu. Jiwe la Nzambani, lililo karibu na mji wa Kitui, huvutia wageni wanaopanda ngazi zake za chuma na kusikia ile hadithi kwamba ukilizunguka mara saba unageuka, mwanamume akawa mwanamke na mwanamke akawa mwanamume. Watoto wako wa jijini wataicheka hadithi hiyo mwaka mzima. Na kiingilio chao, kikitunzwa vizuri, hubaki kwa watu wa huko.

UNAWEZA KUFANYA NINI?

Basi, msomaji, usingoje serikali peke yake. Ukienda nyumbani likizo hii, yako mambo yaliyo katika uwezo wako.

Kwanza, angalia mgawanyo wa kazi katika boma lenu. Ikiwa wavulana wako uwanjani na wasichana wako mtoni, wape wavulana jerikeni siku tatu kwa wiki. Hakuna mwiko utakaovunjika, na huenda timu ya netiboli ikazaliwa.

Pili, badala ya kununua jezi kumi na moja za timu moja ya wavulana, nunua mipira miwili na wavu wa voliboli, uviache shuleni chini ya mwalimu. Voliboli huhitaji nafasi ndogo, haihitaji njumu, na wake kwa waume, vijana kwa wazee, wanaweza kuicheza pamoja.

Tatu, chama chenu cha watu wa kijiji kilichoko jijini, kile kinachochanga kwa mazishi na harambee, kitenge kitu kidogo kila mwezi kwa nauli na waamuzi. Shilingi chache zinazokuja kila mwezi zina faida kuliko kombe linalokuja mara moja. Huo ndio mwethya wa kisasa. Haba na haba hujaza kibaba.

Nne, mwombe susu awafundishe wajukuu ngoma moja. Msiirekodi kwa simu tu, ichezeni. Mtashangaa ni nani atakayechoka kwanza.

Wahenga walisema kazi mbi si mchezo mwema. Hawakukosea kwa wakati wao. Lakini nasi tumeona kwamba pasipo mchezo wowote, jioni ya kijana haikai tupu. Itajazwa na pombe, na kamari, au na uchovu wa msichana aliyeinama shimoni akingoja maji yajae kata. Jioni hiyo ni mali yao. Tuwarudishie.